Frank Brangwyn: fundi wa mabamba na kuta zilizomkataa

Wakusanyaji wa chapa za sanaa nchini Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 20, walikuwa watu wa saraka. Chapa kwao ilikuwa kitu cha kushikwa mkononi, kutazamwa karibu na dirisha, kisha kurudishwa ndani ya jalada lake na kufungiwa. Mkubwa wa fani hiyo, Mmarekani James McNeill Whistler, alikuwa ametoa hukumu yake mwaka 1886 kwamba bamba kubwa ni kosa: sindano ni chombo chembamba, na uwanja wake sharti uwe mdogo kwa kadiri hiyo hiyo. Ndipo akaja Frank Brangwyn na mabamba ya zinki yenye upana unaopita nusu mita, wino mzito mweusi, na picha za madaraja, vinu vya upepo na manowari chakavu. Hazikuingia kwenye saraka. Zilidai ukuta.

Baadhi ya wahakiki wa London walimwona mshamba. Waliosema hivyo hawakukosea sana, ingawa walichokitaja kama aibu ndicho kilichokuwa nguvu yake. Brangwyn hakusoma chuo chochote cha maana cha sanaa. Alilelewa katika karakana, na maisha yake yote, mpaka alipokufa mwaka 1956 akiwa na miaka 89, alijiona kuwa fundi anayeweza kukutengenezea unachotaka: picha ya mandhari, zulia, kiti, dirisha la kioo cha rangi, sahani ya kulia chakula, au ukuta mzima wa jumba la serikali. Inakadiriwa kwamba aliacha kazi zipatazo 12,000. Idadi hiyo peke yake inatosha kuwatia wasiwasi wataalamu wa sanaa, kwa sababu mtu anayefanya kila kitu ni vigumu kumpangia chumba katika makumbusho.

Alizaliwa Bruges, Ubelgiji, tarehe 12 Mei 1867. Baba yake, William Curtis Brangwyn, alikuwa msanifu na mpambaji wa makanisa aliyehamia mji ule wakati Wakatoliki wa Kiingereza walipokuwa wakifufua mitindo ya kale ya ujenzi wa kanisa, na huko aliendesha karakana ya mapambo na utarizi wa vitambaa vya ibada. Kwa hiyo mtoto alianza kuona sanaa kama kazi ya mikono mingi. Huyu anachora, yule anatarizi, mwingine anapiga gundi. Familia ilirudi London mwaka 1874 au karibu na hapo, na kijana akawa anashinda katika makumbusho ya South Kensington akinakili vitu vya kale. Hapo ndipo Arthur Mackmurdo, msanifu majengo, na mwenzake Harold Rathbone walipomtia macho, na kwa msaada wao akaingia kwa William Morris.

Morris wakati huo alikuwa mshairi maarufu, msoshalisti, na mwenye kampuni ya vitambaa, mazulia na karatasi za ukutani. Brangwyn, kijana wa miaka 15 hivi, alipewa kazi ya kukuza vielelezo: unapokea mchoro mdogo wa bwana mkubwa, unaupanua mpaka ufikie ukubwa wa zulia lenyewe ili wafumaji waweze kuufuata. Ni kazi ya kuchosha na haina sifa. Lakini ukitaka kujua kwa nini mtu huyu baadaye hakuogopa ukuta wa mita nyingi, anzia hapo. Alijifunza mapema kwamba mchoro mdogo una mpangilio wake na mchoro mkubwa una wake, na kwamba jani la mti linalopendeza kwenye kiganja hugeuka kuwa doa tu likiwekwa juu ya dari.

Kwa Morris hakukaa sana. Mwaka 1885, akiwa na miaka 17, picha yake ilipokelewa katika maonyesho ya Royal Academy, taasisi kuu ya sanaa ya Uingereza, na tangu hapo akajitegemea kwa shida, akilala njaa mara nyingine. Alipenda meli. Alisafiri kwa meli za mizigo, akilipa nauli kwa picha pale nahodha alipokubali, na mwaka 1888 akafika Istanbul na Bahari Nyeusi. Picha zake za miaka ile ni za kijivu, za mabaharia na mawimbi, na mojawapo, ya mazishi baharini, ilimpatia medali mjini Paris mwaka 1891. Kisha zikaja safari za Afrika Kusini, Hispania na Moroko, na kijivu kikamtoka kabisa. Picha ya maharamia aliyoionyesha miaka hiyo ilikuwa na wekundu uliowaudhi Waingereza na kuwafurahisha Wafaransa. Serikali ya Ufaransa ikanunua picha yake ya soko la pwani ya Moroko kwa ajili ya makumbusho ya Luxembourg mjini Paris, heshima ambayo wachoraji wa Kiingereza wa umri wake hawakuipata kirahisi.

Paris ndiyo iliyomfungulia mlango wa mapambo. Mfanyabiashara Siegfried Bing, aliyekuwa akiuza vitu vya Kijapani, alifungua mwishoni mwa 1895 duka aliloliita Maison de l'Art Nouveau, na jina la duka likawa jina la mtindo mzima wa mistari inayopinda kama mimea itambaayo. Sehemu ya nje ya jengo lile ilipambwa na Brangwyn. Bing alimpa pia kazi ya mazulia, na Louis Comfort Tiffany wa New York akatengeneza madirisha ya vioo kwa michoro yake. Wasomaji wengi wa historia ya sanaa wanaujua mtindo ule bila kujua kwamba mmoja wa waliolipamba lango lake alikuwa kijana wa London aliyefunzwa kazi ya kukuza vielelezo.

Sasa turudi kwenye mabamba, maana kwa maoni yangu ndiyo kazi yake iliyo bora.

Ufundi wenyewe unakwenda hivi. Bamba la shaba au zinki linapakwa nta iliyochanganywa na lami mpaka lifunikwe lote. Mchoraji anakwaruza nta hiyo kwa sindano, na kila inapopita, madini yanabaki wazi. Bamba linatumbukizwa kwenye tindikali, nayo inakula pale palipo wazi tu. Kadiri bamba linavyokaa ndani ndivyo mtaro unavyozidi kina, na mtaro wenye kina hubeba wino mwingi. Baada ya hapo nta inasafishwa, bamba linapakwa wino, na uso wake unafutwa kwa kitambaa hadi wino ubaki mitaroni. Juu yake inawekwa karatasi yenye unyevu, kisha vyote vinapitishwa kati ya rola mbili nzito za mashine. Karatasi ikibanduliwa, picha ipo, kulia imekuwa kushoto. Brangwyn, ambaye alipenda kuchora papo hapo mbele ya mahali penyewe, hakuhangaika kuugeuza mchoro. Ndiyo sababu mtu anayeifahamu Venice au London anaweza kuitazama chapa yake na kuhisi kwamba mto umehama.

Walio wengi wakati ule walipendelea shaba, kwa kuwa ni ngumu na inakubali mstari mwembamba. Zinki ni laini, ni rahisi kwa bei, na tindikali inaishambulia kwa pupa, hivyo mstari unatoka mpana na kingo zake zimechakaa. Brangwyn aliitaka ile pupa. Aliiacha tindikali iendelee kula mpaka mitaro ikawa mifereji, halafu wakati wa kufuta wino hakulisafisha bamba mpaka ling'ae, bali aliacha utando wa wino juu yake ili anga liwe zito na vivuli viungane. Katika chapa zake bora huoni matofali ya daraja moja moja. Unaona uzito wa daraja, giza la chini yake, na watu wadogo wakipita juu wakiwa kundi.

Alitengeneza zaidi ya mabamba 300 ya namna hii kati ya miaka ya 1900 na 1920. Mandhari yake si yale ya kondoo na mito mitulivu ambayo Waingereza waliyazoea. Alichora kituo cha reli cha Cannon Street, vinu vya Ubelgiji na Ufaransa, kanisa la Santa Maria della Salute la Venice likiwa nyuma ya msitu wa milingoti, na mabaki ya mji wa Messina, Sicilia, ulioangushwa na tetemeko la tarehe 28 Desemba 1908. Makanisa yake huonekana kwa nyuma, kando ya jukwaa la mafundi au soko la samaki. Hata pale alipochora jengo tukufu, mbele yake aliweka watu wanaobeba mizigo.

Na juu ya yote kuna meli. Manowari za mbao za karne ya 19, zilizojengwa enzi za matanga na mizinga, zilikuwa zimefikia mwisho wake, na kwenye kingo za mto Thames zilivunjwa kwa ajili ya mbao na madini. Brangwyn alikwenda kuzitazama. Mwaka 1904 alitoa bamba la kuvunjwa kwa Hannibal, na baadaye yakafuata ya Caledonia na Duncan. Ubavu wa meli unasimama juu kama kanisa lililopasuliwa, na chini yake wapo wavunjaji, madoa meusi yenye nyundo na kamba, hakuna hata mmoja mwenye uso wa kutambulika. Mchoraji mwingine angeigeuza kuwa maombolezo ya utukufu wa jeshi la majini. Yeye alivutiwa na kazi: jinsi mbao nene inavyong'olewa, kamba inavyokazwa, na watu wanavyopangana ili kitu kikubwa kuliko wao kiondoke mahali pake. Alikuwa amekulia kati ya watu wa namna hiyo na hakuwaonea huruma ya mbali wala hakuwapamba.

Umaarufu wake ukaenea. Alipata tuzo kuu Milan mwaka 1906 kwa chapa zake, akapamba chumba cha Uingereza katika maonyesho ya Venice, akaingia Royal Academy kama mwanachama mshiriki mwaka 1904 na kamili mwaka 1919. Alifundisha pia, katika shule ya sanaa ya Kensington aliyoiendesha na mchoraji John Swan. Mmoja wa wanafunzi waliojifunza kwake uchoraji wa bamba alikuwa Bernard Leach, kijana aliyefunga safari kwenda Japani mwaka 1909 na mashine yake ya kuchapia, akikusudia kuwafundisha Wajapani ufundi huo. Huko Leach alikutana na udongo, na akawa mfinyanzi mashuhuri kuliko wote wa Uingereza katika karne iliyopita. Mashine ya kuchapia ikasahaulika.

Huku mabamba yakiendelea, kuta nazo zilikuwa zikimwita. Chama cha kale cha wafanyabiashara wa ngozi na manyoya mjini London, Skinners, kilimpa ukumbi wake aupambe, kazi iliyodumu kuanzia 1902 hadi 1909. Jengo la Lloyd's Register, shirika la ukaguzi wa meli, likafuata. Kwa maonyesho ya kimataifa ya San Francisco ya mwaka 1915, yaliyofanywa kusherehekea mfereji wa Panama, alichora vipande 8 vikubwa kuhusu moto, maji, hewa na ardhi: wavuvi na nyavu zao, wachumaji wa matunda, wakanyaga zabibu, moto wa porini na moto wa viwandani. Maonyesho yakaisha, vibanda vikavunjwa, na vile vipande vikahifadhiwa mpaka vikapata makao mwaka 1932 katika ukumbi wa Veterans wa mji huo huo.

Ukumbi huo msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuutazama kwa jicho la pili. Tarehe 26 Juni 1945, katika jukwaa lake, wajumbe wa nchi 50 walitia saini Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Ndani ya mkataba huo zimo sura za udhamini ambazo, mwaka uliofuata, zilifanya Tanganyika iache kuwa nchi ya mamlaka ya Shirikisho la Mataifa na iwe nchi ya udhamini, na ndizo zilizompa Julius Nyerere mlango wa kwenda kusema mbele ya Baraza la Udhamini mjini New York mwaka 1955. Wachumaji na wavuvi wa Brangwyn walikuwa ukutani saini zilipokuwa zikitiwa. Sidhani kama kuna mjumbe aliyewaangalia.

Miaka mingi kabla ya saini hizo mchoraji huyo huyo alikuwa amepewa kazi ya kuchora himaya yenyewe, na hapo ndipo alipopata pigo kubwa la maisha yake.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimekwisha. Yeye binafsi hakuenda vitani, lakini alichora mabango mengi, na moja la mwaka 1918 la kuhimiza watu wanunue hati za mkopo wa vita, lenye askari akimchoma adui kwa singe, lilikuwa kali kiasi cha kuwatisha hata Waingereza. Mwaka 1924 Lord Iveagh, tajiri wa pombe ya Guinness, alijitolea kugharamia mapambo ya Royal Gallery katika jengo la Bunge, ukumbi wa Baraza la Malodi, iwe kumbukumbu ya malodi na ndugu zao waliouawa. Brangwyn alianza na vita vyenyewe: vifaru, mizinga, matope, wanaume waliochanganyika na udongo. Kipande kimojawapo, cha kifaru kikishambulia, kipo leo katika Makumbusho ya Taifa ya Wales, Cardiff, na ni picha ya kutisha. Waliomwagiza waliona ni kali mno kwa mahali pale. Walitaka faraja.

Akaanza upya. Safari hii alikusudia kuonyesha uzuri wa nchi za himaya ambazo wale waliokufa, kwa mujibu wa fikra za wakati ule, walizifia. Alifanya kazi hiyo kwa miaka mingi katika nyumba yake ya Ditchling, kijiji cha kusini mwa Uingereza, akiwa mgane tangu 1924. Vilipokamilika vilikuwa vipande 16 vyenye eneo la karibu mita za mraba 280. India, Kanada, visiwa vya Karibi, Australia, Afrika: kila kimoja kimejaa mpaka kingoni majani, maua, maboga, ndizi, kasuku, nyani, twiga na watu wenye miili yenye afya wakibeba vikapu. Hakuna pengo la kupumulia. Sheria aliyojifunza kwa Morris, kwamba pambo la ukutani ni kitambaa na halipaswi kutoboa tundu kwenye ukuta, aliitumia hapa kwa nguvu zake zote, na jicho linazunguka bila kupata pa kukaa.

Mwaka 1930 vipande 5 vilitundikwa mahali pake ili malodi wavione. Wakavikataa. Iveagh alikuwa ameshafariki mwaka 1927 na hakuwepo wa kumtetea. Hoja iliyotolewa ilihusu rangi: picha zilikuwa changamfu kupita kiasi, hazikulingana na jumba lile la mawe na mbao nyeusi. Kwa upande wa rangi, nadhani malodi walikuwa na hoja. Ukumbi uliokusudiwa kuwakumbuka wafu ulikuwa unageuzwa kuwa soko la matunda.

Lakini kuna tatizo jingine ambalo hakuna lodi aliyelisema. Miaka ile ile Brangwyn akichora vikapu vilivyojaa, Mwafrika wa Kenya alikuwa akitembea na kipande cha utambulisho shingoni, akilipa kodi ya kibanda kwa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Tanganyika nako kodi ilidaiwa. Nchi nyingi za himaya mchoraji hakuzikanyaga. Alifanya kazi kwa picha, vitabu na mimea aliyoweza kuipata. Mtu aliyesimama mbele ya Hannibal na kuona kwamba mbao hung'olewa na watu wenye jasho, akifika kwenye himaya, anachora mavuno bila mlimaji, mzigo bila uzito. Sisemi alidanganya kwa kusudi. Hakuwa mwanasiasa, na kwa hulka aliupenda wingi wa vitu. Hata hivyo ukiziweka kazi mbili hizo pamoja, chapa ya meli iliyovunjwa na kipande cha Afrika, utajua ipi ilichorwa na mtu aliyekuwepo.

Vipande vilionyeshwa mwaka 1933 katika maonyesho ya vyombo na nyumba pale Olympia, London, kati ya majiko na samani, na watu wa kawaida wakamiminika kuviangalia. Mji wa Swansea, kusini mwa Wales, uliokuwa ukijenga jumba lake jipya la halmashauri, ukavichukua. Msanifu Percy Thomas ilimbidi ainue dari la ukumbi mkuu ili vitoshe. Ukumbi ulifunguliwa mwaka 1934 na mpaka leo unaitwa Brangwyn Hall. Bendi na kwaya hutumbuiza humo, na wanafunzi wa chuo kikuu wamewahi kuvalishwa majoho chini ya twiga na kasuku.

New York nako hakukumpa raha. Kwa jengo la Rockefeller Center alichora paneli 4 kuhusu maisha ya binadamu, ya mwisho ikiwa na mahubiri ya mlimani. Hapo palikuwa na majirani wagumu: Diego Rivera wa Meksiko alikuwa amechora sura ya Lenin katika ukuta wa sebule kuu, na mchoro wake ukapondwapondwa mwezi Februari 1934. Kwa Brangwyn wenye jengo waliona kwamba sura ya Yesu haifai katika jengo la biashara. Hakugombana. Alimchora akiwa amewapa mgongo watazamaji, amejifunika vazi lake, na kazi ikapita. Naipenda sana hila hiyo ya fundi. Mteja amepata anachotaka, na aliyehubiri mlimani yupo bado.

Wakati huo huo soko la chapa lilikuwa limekufa. Katika miaka ya 1920 chapa za Brangwyn na za wachoraji wenzake wa mabamba, Muirhead Bone na D. Y. Cameron, zilinunuliwa na kuuzwa kama hisa, bei zikipanda kila msimu. Soko la hisa la New York lilipoanguka mwaka 1929, wanunuzi walitoweka, na mitindo nayo ikabadilika. Vijana walitaka Picasso na mistari mitupu. Mzee wa Ditchling mwenye madaraja meusi na vikapu vilivyofurika alionekana mtu wa zamani kabla hajafa. Mwaka 1941 alipewa cheo cha heshima, akawa Sir Frank, na mwaka 1952 Royal Academy ikamwandalia maonyesho makubwa, ya kwanza kufanywa na taasisi hiyo kwa mwanachama akiwa hai. Yeye alijifungia, akilalamika juu ya afya yake, na kugawa mali. Mji wa Bruges alikozaliwa ulipata mamia ya kazi mwaka 1936. Mji wa Walthamstow ulipata sehemu kubwa ya vitu vyake kwa ajili ya makumbusho ya bwana wake wa kwanza, William Morris, yaliyofunguliwa mwaka 1950 na waziri mkuu Clement Attlee, ambaye ndiye aliyekuwa mbunge wa sehemu hiyo. Brangwyn alifariki Ditchling tarehe 11 Juni 1956.

Kuna jengo moja aliloliota ambalo halikusimama. Mwaka 1916, vita vikiwa vimepamba moto, alifika London Kojiro Matsukata, mkuu wa karakana ya meli ya Kawasaki mjini Kobe, akiwa na faida nono ya kuuza meli kwa nchi zilizokuwa zikizipoteza baharini. Mjenga meli akakutana na mchoraji wa meli zinazovunjwa, wakapatana mara moja. Matsukata alinunua kazi za Brangwyn kwa wingi, kisha kwa ushauri wake akaanza kununua sanaa ya Ulaya kwa mamia ya vipande, akitaka Wajapani wasioweza kusafiri waione kwao. Brangwyn akachora ramani ya makumbusho yatakayojengwa Tokyo, yenye vyumba vinavyozunguka ua na chemchemi katikati, pamoja na mapambo yote ya ndani.

Mwaka 1923 tetemeko liliiangusha Tokyo. Mwaka uliofuata Japani iliweka ushuru wa asilimia 100 kwa vitu vya anasa, hivyo sehemu kubwa ya mkusanyo ikabaki kwenye maghala ya Ulaya. Mwaka 1927 mabenki ya Japani yakayumba, Kawasaki ikaingia matatani, na Matsukata akalazimika kuuza. Mwaka 1939 ghala la London lililohifadhi mamia ya vipande vyake, zikiwemo kazi nyingi za Brangwyn, liliungua. Zile zilizokuwa Paris zilichukuliwa na serikali ya Ufaransa kama mali ya adui, na nyingi ziliporudishwa Japani zikajengewa Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Magharibi, yaliyofunguliwa Tokyo mwaka 1959 kwa ramani ya Le Corbusier, ya zege tupu isiyo na pambo. Mwaka 2010 makumbusho hayo yaliandaa maonyesho makubwa ya Brangwyn, na miongoni mwa vilivyotundikwa ilikuwemo michoro ya lile jengo lingine, lenye ua na chemchemi, ambalo lingekuwa mahali pake.